Matangi mawili, chujio moja

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mfanyabiashara wa kijijini, leo siandiki juu ya ubwiri unga wala vipimo vya salfa. Naandika juu ya pikapu. Mazao yako yakishatoka shambani hupanda pikapu. Salfa yako inakuja kwa pikapu. Mgonjwa wako usiku wa manane anapelekwa kwa pikapu. Kwa hiyo gari la jirani yako likioza, linaoza na kilimo chako, na mimi kama bwana shamba siwezi kukaa kimya kwa kisingizio kwamba sikusomea ufundi wa magari.

Hapa Chunyu, na ukivuka kwenda Ruangwa mjini au upande wa Nachingwea, siku hizi kuna sifa mpya: "Gari langu lina matangi mawili." Mtu akishasema hivyo anaonekana amefika. Mimi nasema wazi: wengi wetu hatuhitaji tangi la pili, na wengi walio nalo wameligeuza pipa la kutupia kila kitu kinachowaka. Mafuta ya taa yamo. Dizeli ya chupa ya jana imo. Mafuta ya kupikia yaliyochoka yamo. Halafu gari likizima njiani tunailaumu barabara.

Niwaeleze usiku mmoja tu, mjue hasira yangu inatoka wapi.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha siku mbili. Mama mmoja jirani alishikwa na uchungu. Gari lililopatikana lilikuwa pikapu yenye tangi la pili la kuchomelea, lililotengenezwa kwa bati la pipa na fundi ambaye simtaji. Tulipofika kwenye mlima, dereva akaona tangi la kwanza limefika chini, akahamisha koki kwenda la pili. Hatukwenda hata kilomita mbili. Injini ikakohoa, ikazima. Dereva akarudisha koki kwenye tangi la kwanza, ambalo bado lilikuwa na dizeli safi kidogo. Injini haikuwaka. Akapiga pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka, bila mafanikio. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, chini ya turubai la korosho, mikononi mwa shangazi yake. Walipona wote wawili, tunamshukuru Mungu. Lakini sitaki mtu yeyote aniambie ile ilikuwa bahati mbaya, maana asubuhi fundi alipofungua chujio alikuta matope mekundu ya kutu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote katika makala hii. Gari lile lilikuwa na matangi mawili, lakini chujio moja. Pampu ya nozeli moja. Injini moja. Uchafu wa tangi la pili ukishaingia kwenye chujio, usafi wa tangi la kwanza haukusaidii kitu, kwa sababu mafuta yake yanapita mlango uleule uliozibwa. Yule dereva alidhani ana akiba, kumbe alikuwa amebeba ugonjwa.

Kwanza tupige hesabu

Watetezi wa tangi la pili wana hoja, na si haki kuificha. Wanasema: bwana shamba, wewe unakaa karibu na ofisi, sisi kituo cha mafuta kiko mbali, masika njia inakatika, na dizeli ya kwenye chupa hapa kijijini inauzwa ghali kuliko ya kituoni. Wanakumbusha katikati ya mwaka 2023, mafuta yalipoadimika nchini na watu wakapanga foleni. Wanakumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika eneo la Somanga. Yote hayo ni kweli. Tangi la pili lililokaa sawasawa ni msaada mkubwa, na Toyota wenyewe wanalijua hilo: zipo Land Cruiser pikapu zilizotoka kiwandani na matangi mawili ya lita 90 kila moja, na swichi ya kuhamisha kwenye dashibodi.

Lakini piga hesabu kabla ya kuiga. Tuseme pikapu yako iliyopakia inakula lita 13 kwa kila kilomita 100. Tangi moja la lita 90 litakupeleka karibu kilomita 690. Sasa niambie, wewe unayetoa korosho shambani kwenda ghala la AMCOS, hizo kilomita 690 unaenda wapi?

Angalia na uzito. Lita moja ya dizeli ina karibu gramu 840. Lita 90 ni karibu kilo 76. Gunia la korosho ni kilo 80. Ina maana kila safari unayobeba tangi la pili likiwa limejaa, unabeba karibu gunia zima ambalo hakuna mtu anakulipa nauli yake, na springi na tairi zinalihesabu hata kama wewe hulihesabu.

Angalia na fedha. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000. Lita 90 ni shilingi 270,000 zimelala chini ya gari. Mfanyabiashara mwenye safari ndefu anaweza kuzilaza. Wewe ambaye Mei bado unatafuta hela ya salfa, unazilaza kwa sababu gani? Mbaya zaidi, mwizi mwenye mpira na dumu anaweza kuzinyonya usiku mmoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kama safari zako zinaanzia na kuishia ndani ya wilaya, jaza tangi moja, funga kifuniko cha ufunguo, na hela ya tangi la pili nunua machujio ya akiba na tairi. Nimeona magari mengi yamelala njiani kwa kukosa chujio. Sijaona hata moja lililolala kwa kukosa lita ya mia moja themanini.

Uongo wa mafuta ya taa

Sasa nije kwa wale wanaosema, "La kwanza nawashia dizeli, la pili naweka mafuta ya taa au mchanganyiko, gari linakwenda tu." Ndiyo, linakwenda. Hata mtu anayekunywa gongo kila siku anatembea, mpaka siku ini linapokataa.

Dizeli katika pampu ya nozeli inafanya kazi mbili. Inachomwa, na pia inalainisha vyuma vya pampu yenyewe. Kwenye injini nyingi tulizonazo huku, kama 1HZ ya Land Cruiser au 2L, 3L na 5L za Hilux, vyuma vya ndani ya pampu vinaoga dizeli hiyohiyo unayochoma. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Vyuma vinasagana. Dalili ya kwanza utaiona gari likiwa limepata moto: ukizima mnadani haliwaki tena mpaka lipoe, na watu wanasukuma. Injini za kisasa za D-4D ndizo dhaifu zaidi kwa mchezo huu, kwa sababu mafuta yao yanasukumwa kwa mgandamizo mkubwa mno na nafasi kati ya vyuma ni nyembamba kuliko unywele.

Na faida yenyewe iko wapi? Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana kuliko dizeli kwa sababu ya kodi, na ndiyo maana uchakachuaji ulienea mpaka neno lenyewe likaingia kwenye siasa. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yajulikane. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi bei yake ikaisogelea ya dizeli. Ule mwanya ulizibwa, lakini wapo wanaoendelea kuchakachua magari yao wenyewe kwa mazoea tu. Bei kikomo za EWURA hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zitazame kwenye simu. Hata ukikuta unaokoa shilingi 100 kwa lita, tangi zima la lita 90 limekuokolea shilingi 9,000. Ukijaza mara kumi ni shilingi 90,000. Sasa nenda kwa fundi wa pampu, muulize kushusha pampu, kubadilisha vyuma na kupima nozeli ni kiasi gani. Uliza kabla ya kuchanganya, usisubiri gari life.

Uongo wa mafuta ya mimea

Kuna kundi la pili, nao wanajiona wasomi. Wamesikia kwamba injini ya dizeli inaweza kuchoma mafuta ya mimea, basi wanataka tangi la pili liwe la alizeti, mbono, au mafuta ya chipsi yaliyotumika.

Walichosikia si uzushi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga hizohizo ambazo Waingereza walizijia hapa Nachingwea mwaka 1947, wakaleta matrekta na kujenga reli, na kufikia mwaka 1951 mradi ukafutwa. Lakini jambo kuwezekana si sawa na jambo kulipa, na hilo mkoa wetu umelipia ada mara mbili. Watu wa Kilwa hawajasahau kampuni ya BioShape ya Uholanzi iliyochukua zaidi ya hekta 30,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe kwa ajili ya mbono wa kutengeneza mafuta ya magari. Miti ya asili ilikatwa, kampuni ikafilisika, na mafuta hayakuonekana.

Kwa upande wa gari, mafuta ya mimea yakiwa baridi ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli. Yakipulizwa mazito namna hiyo hayawaki yote. Yanaacha masizi magumu kwenye nozeli na pete za pistoni, na mengine yanateremka na kuharibu oili ya injini. Wanaofanya jambo hili kwa umakini wanawasha injini kwa dizeli, wanasubiri ipate moto, wanapasha tangi la pili kwa maji ya moto ya rejeta, ndipo wanahamisha. Kabla ya kuzima wanarudi kwenye dizeli kwa dakika kadhaa ili kusafisha mabomba. Wanachuja mafuta na kuyaondoa maji kwanza. Sasa wewe mwenye safari fupi za kusimama kila mti kupakia gunia, utapasha saa ngapi na kusafisha saa ngapi? Na kwa bei ipi? Lita ya mafuta ya kula dukani inazidi bei ya lita ya dizeli. Anayechoma alizeti kwenye gari ni sawa na anayechemsha chai kwa noti.

Kama bado unalitaka, lifunge kiume

Kwa wachache ambao safari zao ni ndefu kweli, wanaokwenda Lindi, Mtwara, Masasi hadi Songea, sikatai. Ila msifunge kienyeji. Haya ndiyo ya kumsimamia fundi:

1. Mafuta ni ya aina moja. Dizeli tangi la kwanza, dizeli tangi la pili, vyote kutoka kituo chenye mashine na risiti. Tangi la pili ni ghala. Si jiko la kuchanganyia.

2. Koki ihamishe njia zote mbili. Hapa mafundi wengi wanakosea. Pampu huvuta mafuta mengi kuliko injini inavyochoma, na yanayobaki yanarudi kwenye tangi kwa bomba la marejeo. Koki ikihamisha bomba la kuvuta peke yake, unavuta kutoka tangi la pili huku mabaki yakienda tangi la kwanza. La pili linaisha kabla ya hesabu yako, la kwanza linafurika na kumwaga dizeli barabarani kupitia tundu la hewa. Unalaumu ulaji wa gari, kumbe unamwagilia lami ya TANROADS. Dai koki ya njia sita, au ya umeme inayohamisha kuvuta na marejeo kwa pamoja.

3. Tangi liwe tangi. Usikubali bati la mabati ya kuezekea wala chombo kilichopakwa zinki, kwa sababu dizeli inachubua zinki na kutengeneza ute unaoziba chujio. Usikubali pipa lililokuwa na dawa. Na usiruhusu mtu achomelee tangi lililowahi kuwa na mafuta. Mvuke uliobaki ndani unalipuka na kuua. Tangi la kiwandani lililotumika, likasafishwa vizuri, ni bora kuliko jipya la kubahatisha.

4. Likae chini ya fremu, si kwenye bodi. Lifungwe kwa mikanda yenye mpira, mbali na eksozi, na liwe na tundu la hewa lililoinuliwa juu. Tangi au dumu la dizeli kwenye bodi pamoja na magunia ni hasara ya mkulima. Ufuta na korosho vinanyonya harufu, na gunia lililolowa dizeli usitegemee lipokelewe ghalani.

5. Liwe na chujio lake la awali, lenye kikombe cha kutenga maji, kabla mafuta hayajafika kwenye chujio kubwa. Kwa njia hii uchafu wa tangi la pili unaishia kwa tangi la pili. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hiki.

6. Yatumie yote mawili kwa zamu. Tangi linalokaa miezi mitatu nusu linapata maji kutokana na hewa inayopoa usiku, na kwenye maji hayo unaota utelezi mweusi. Wiki hii la kwanza, wiki ijayo la pili. Kila mwezi toa mafuta kidogo chini ya tangi kwenye chupa nyeupe ya kioo, yaache usiku kucha. Maji na uchafu vitakaa chini, utaviona kwa macho.

7. Hamisha kukiwa na robo, usisubiri gari likohoe. Likishakohoa hewa imeingia, na utatoa hewa gizani kwa pampu ya mkono. Na jaribu tangi la pili mchana, mahali tambarare, kabla ya kulitegemea usiku mlimani.

Wewe unayekodi, uliza

Najua wasomaji wengi hamna gari. Mnakodi. Msidhani haya hayawahusu. Gari likilala njiani, mwenye gari anapoteza siku, wewe unapoteza mzigo. Ufuta ukinyeshewa, daraja linashuka na bei inashuka nayo. Kabla ya kupakia, muulize dereva kwa heshima maswali matatu: Matangi yote yana dizeli tupu? Chujio lilibadilishwa lini? Una la akiba? Dereva mzuri hakasiriki. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Na viongozi wetu wa vijiji nao niwaguse. Tunahangaika na matangi kwa sababu mafuta yako mbali. Dawa ya umbali si kila mtu kugeuza gari lake kuwa bohari linalotembea, wala kuuziana dizeli kwenye chupa za maji karibu na moto wa mama ntilie. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, una utaratibu wa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, na EWURA ina leseni kwa ajili ya vituo hivyo. Tuna vyama vya msingi vinavyokusanya korosho za kata nzima. Kikundi kinachoweza kujaza ghala kinaweza kuandika barua ya maombi. Kileteni kwenye mkutano wa kijiji, na mkinihitaji nisaidie kuandika, mlango wangu mnaujua.

Yule mtoto aliyezaliwa chini ya turubai sasa anatembea. Gari lile nalo bado linatembea, na tangi lake la kuchomelea bado liko pale pale. Nimemwambia mwenye gari mara tatu kwa mdomo. Leo nimeandika. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, unajijua: kesho asubuhi, kabla hujawasha, nenda kalifungue.